Sauti ya Kuazima

Ndugu zangu, kama mngepita jioni kwenye safu ya nyumba za makarani, katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka ile ambayo Mzungu alikuwa bado ndiye mwenye amri, mngeitambua nyumba ya Onesmo Ngassa kwa vicheko hata kabla hamjaiona. Mkewe, Generosa, alitandika mkeka uani, akapakua karanga na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, wakala pamoja na binti yao wa pekee, Melania. Onesmo alikuwa karani na mkalimani wa meneja. Kutwa nzima aliyabeba maneno ya watu wengine, akiyatoa Kisukuma kuyatia Kiingereza na kuyatoa Kiingereza kuyatia Kisukuma, na jioni aliyafungulia ya kwake. Aliigiza wachimbaji waliogombana, akaigiza mnyapara aliyesingizia mafua, na Generosa akacheka mpaka akajishika mbavu.

Hiyo ndiyo nyumba iliyovunjika. Na haikuvunjwa na njaa wala ugonjwa. Sikilizeni kilichoivunja.

Mwaka ule Malkia alipotawazwa kule Uingereza, kulifanyika sherehe mgodini, na meneja, Bwana Preston, akaagiza mmoja wa wafanyakazi Waafrika atoe hotuba kwa Kiingereza. Akachaguliwa Onesmo. Kiingereza chake kilikuwa safi kwenye karatasi, maana alifundishwa na mapadri mpaka darasa la nane. Lakini aliposimama mbele ya watu akakisema kama alivyozoea kusema kwao Didia: kila silabi aliipa uzito sawa na mwenzake, moja baada ya nyingine, na kila ilipotakiwa "r" ikatoka "l". Wazungu walipiga makofi ya adabu. Onesmo akarudi kwenye kiti akiwa ameridhika.

Jioni, kwenye klabu ya makarani, Cornel alipanda juu ya benchi. Huyu Cornel alikuwa karani wa karakana ya magari, kijana aliyesoma Tabora, mwenye ulimi mwepesi na asiyejua mahali pa kuukomesha. Aliinua glasi, akaanza kuirudia hotuba ya Onesmo huku akigonga meza kwa kiganja, pa-pa-pa-pa, bila kupanda wala kushuka.

"Mnasikia?" akawauliza wenzake. "Huyu hakuwa anahutubia. Huyu alikuwa analima. Mpeni jembe, hii ni bugobogobo."

Mnaijua bugobogobo, ngoma ya Wasukuma ya kulimia, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja. Klabu nzima ililipuka kwa kicheko, na Onesmo alikuwamo humo humo, amekaa pembeni, soda mkononi. Hakuna aliyemtetea. Kabla ya wiki kwisha jina limeshika. Wachimbaji walimwita Bugobogobo, wauza nyama wakamwita Bugobogobo, hata Melania akarudi kutoka kisimani akauliza, "Baba, kwa nini watoto wanakuita Bugobogobo?"

Onesmo aliacha kula. Mtoto alipokwenda kulala alimwambia mkewe, "Cornel nitamlipa."

"Utamlipa nini, Baba Melania? Ule ni utani."

"Utani ni wa watani. Cornel si mtani wangu. Amenivua nguo mbele ya watu, nami nitamvua mbele ya watu."

Generosa alidhani hasira itapoa. Haikupoa. Ilipata kazi ya kufanya.

Onesmo alianza kumsikiliza Bwana Preston kwa namna ambayo hakuwahi kumsikiliza kabla. Kila siku alisimama ubavuni mwake kutafsiri, na sasa hakushika maneno tu, alishika na mwendo wake. Aligundua kwamba Mzungu yule akiuliza swali la ndiyo au hapana sauti yake hupanda mwishoni, lakini akiuliza nani, wapi au lini, sauti hushuka. Aligundua kwamba maneno madogo huyameza, akakimbia juu yake mpaka afike kwenye neno moja kubwa, na hapo ndipo hukanyaga kwa uzito wote. Akikasirika hapigi kelele. Hupunguza mwendo na kuteremsha sauti. Na kabla ya kutoa amri yoyote hukohoa kikohozi kikavu, mara mbili, kwa sababu ya vumbi la mashimoni. Wachimbaji walimwita Bwana Kikohozi.

Lakini mwendo wa mazungumzo mtu hajifunzi peke yake. Anahitaji mwenzake wa kumjibu. Onesmo akamfanya mkewe kuwa huyo mwenzake.

Generosa alikuwa amesoma kwa masista mpaka darasa la nne. Kila jioni sasa aliketishwa kwenye kigoda kumkabili mumewe, magoti kwa magoti, na Onesmo akampigia mdundo pajani kwa vidole, kidogo, kidogo, kidogo, halafu kwa nguvu.

"Usiyapange maneno kama matofali," alimfundisha. "Haya yameze. Hili likanyage. Mwisho panda."

"Baba Melania, ugali unaungua."

"Sema kwa Kiingereza."

"Kwa Kiingereza utakuwa umeshaungua."

Siku za mwanzo walicheka wote wawili. Baadaye alicheka Generosa peke yake, na baadaye hakucheka mtu. Onesmo alipiga marufuku Kisukuma ndani ya nyumba, kisha Kiswahili nacho akakiwekea mpaka, kwamba kisisemwe mbele yake baada ya kazi. Aliposikia mkewe amekosea mwendo wa sentensi alimkatiza, akamrudisha mwanzo, hata kama alikuwa anamweleza kwamba mtoto ana homa. Melania alijifunza kunyamaza mara aliposikia viatu vya baba yake mlangoni. Vile vicheko vya jioni vilikwisha, na majirani wakawa wanasikia tu sauti mbili zikipanda na kushuka, zikipanda na kushuka, kama watu wanaogombana kwa heshima.

Katika siku hizo mama yake Onesmo alifunga safari kutoka Didia kuja kumwona mwanawe. Alifika na kuku wawili na unga wa mtama, amechoka, vumbi hadi kope. Alipomwona Onesmo anaingia, uso wake ukachangamka.

"Mwadila, baba," alimsalimu, kama mama wa Kisukuma anavyomwita mwanawe kwa mapenzi.

"Good evening, mother," akajibu Onesmo, akakaa kitini.

Bibi alicheka, akidhani anataniwa. Akamuuliza habari za kazi kwa Kisukuma. Onesmo akamjibu kwa Kiingereza, na Generosa alipofungua mdomo kutafsiri, mumewe akamzuia kwa mkono. Iliendelea hivyo kesho yake na kesho kutwa. Mwishowe bibi alifunga kitambaa chake.

"Mama Melania," alimwambia mkwewe mlangoni, "nilikuja kwa mwanangu, nimemkuta mgeni. Mwanangu akirudi niletewe habari." Akaondoka bila kungoja lori la mchana.

Generosa alilia siku hiyo. Onesmo alimwambia kwamba mambo haya yana mwisho, na mwisho wake u karibu.

Sikukuu ya Krismasi ilipofika, meneja aliita tena watu, na safari hii Onesmo mwenyewe ndiye aliyeomba kusema. Aliposimama, Wazungu waliokuwa wakinong'onezana walinyamaza na kugeuka. Sauti yake ilipanda pale ilipotakiwa kupanda, ikashuka pale pa kushuka, maneno madogo yakapita kama maji na makubwa yakaanguka kwa uzito wake. Mke wa Bwana Preston alimuuliza kama aliwahi kusoma ng'ambo. Makarani walitazamana. Na baada ya hotuba, Cornel alivuka uwanja mbele ya wote, mkono ameunyoosha.

"Onesmo, umetushinda," alisema. "Lile jina nililianzisha mimi, nami ndiye nitakayelizika. Nilikosa, ndugu yangu. Nisamehe."

Onesmo aliushika ule mkono. "Limekwisha," akasema.

Ndugu zangu, hapa ndipo ningependa hadithi iishie. Mtu alidhihakiwa, akajifunza, akasimama, akaheshimiwa, na aliyemdhihaki akaja mwenyewe kuomba radhi. Mnataka nini tena? Lakini Onesmo alipokuwa akitembea kwenda nyumbani alijiambia kwamba Cornel hakuanguka. Cornel alikuja kwa miguu yake, akatabasamu, akasema neno zuri, na watu wakamsifu kwa uungwana wake. Hakuonja hata tone la ile aibu ya klabuni. Na Onesmo alikuwa ameipika hasira yake kwa muda mrefu mno kuimwaga bila kumlisha mtu.

Masika yakaanza. Jumapili moja mchana, walipotoka misani, Onesmo alimweka mkewe kwenye kigoda.

"Leo mimi ni Bwana Preston," alisema, "na wewe ni karani. Ninakupigia simu."

Akakohoa, kikavu, mara mbili. Generosa alishtuka, maana kama angekuwa amefumba macho angesimama kwa adabu. Kisha ikaja sentensi, "Send the big lorry to Shinyanga station," lori kubwa lipelekwe stesheni ya Shinyanga, na mzigo wote wa sauti ukaangukia ile "Shinyanga." Halafu ikafuata ya pili, kwamba kuna masanduku ya mashine yamefika kwa gari moshi, kwa hiyo lisingoje cheti cha ruhusa.

"Wewe jibu 'Yes, sir,'" alimwelekeza. "Kwa sauti ya kushuka. Tena."

Walirudia na kurudia. Mwishoni Generosa alizijua zile sentensi kama anavyojua Salamu Maria.

"Haya ni ya nini?" aliuliza.

"Mazoezi tu," alisema Onesmo.

Wiki hiyo mvua ilinyesha mfululizo. Mito ilijaa, na Bwana Preston akatoa amri kwamba hakuna gari la mgodi litakalotoka mpaka maji yapungue, isipokuwa kwa ruhusa yake mwenyewe. Alhamisi asubuhi alikwenda kukagua shimo la mbali, ambalo nalo lilikuwa na simu yake. Onesmo akabaki peke yake ofisini. Alifunga mlango. Akazungusha mkono wa simu ya karakana, na upande wa pili Cornel akaitika.

Onesmo alikohoa, akasema sentensi zake.

Mvua ilisikika ikipiga bati la karakana. Kisha Cornel akauliza kwa Kiingereza cha hadhari kama Bwana anakumbuka habari ya mito, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyekataza.

Jibu la swali hilo Onesmo hakuwa amelifanyia mazoezi. Hapo angeweza kukata simu, na Cornel angedhani ni waya umeharibika. Badala yake alipunguza mwendo, akateremsha sauti, akamuuliza nani anayetoa amri katika mgodi huu. Na lile "nani" likashuka mwishoni vile vile linavyoshuka kinywani mwa Mzungu.

"You, sir," akasema Cornel.

Onesmo aliweka simu. Alikuwa amewaza kila kitu: lori litakwama njiani siku mbili tatu, litarudi tupu, Bwana atauliza, Cornel atasema alipigiwa simu, Bwana atasema muongo, na Cornel atafukuzwa mbele ya mgodi mzima akiapa bila kuaminiwa. Alisogea dirishani akaliona lori kubwa likitoka getini ndani ya ukungu wa mvua. Moyo wake ulikuwa mtamu. Aliyekuwa kwenye usukani hakumwona.

Dereva wa zamu aliamka na homa siku hiyo. Aliyekuwa kwenye usukani ni Maduhu, mdogo wake Generosa, kijana ambaye Onesmo mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi.

Walivuka mito miwili salama. Mbele ya Mwakitolyo kulikuwa na korongo, maji mekundu yanapita kwa kasi, na Maduhu akasita. Utingo wake alimshauri warudi. Maduhu akasema, "Bwana ameagiza mwenyewe kwa mdomo wake. Tukirudi nitamwambia nini?" Akaingiza lori majini. Lilisukumwa ubavuni, likapinduka. Utingo alirushwa ukingoni. Maduhu alibanwa mguu chini ya bodi, kichwa juu ya maji, akaita mpaka sauti ikakauka. Wenye ng'ombe wa kijiji cha jirani walikuja na kamba na madume ya kulimia, wakalivuta lile lori, wakamlaza kwenye mkokoteni, wakampeleka mpaka hospitali ya misheni ya Kolandoto. Waganga walimwokoa. Mguu hawakuuweza. Ulikatwa juu ya goti.

Utingo ndiye aliyerudi na habari. Aliingia ofisini kwa meneja akiwa bado na matope, akaanza kueleza kwa Kisukuma, na Bwana Preston akamgeukia mkalimani wake. Hivyo Onesmo alilazimika kuyasikia yale maneno, moja moja, kisha kuyatoa mwenyewe kwa kinywa chake: kwamba lori limepinduka, kwamba dereva ni Maduhu, kwamba Maduhu amekatwa mguu. Kiingereza chake siku hiyo kilitoka kimenyooka, kila silabi uzito sawa. Bwana Preston hakulitambua hilo. Alikuwa ameshaanza kuuliza nani aliyetoa lori.

Cornel aliletwa. Alisema alipigiwa simu na Bwana. Bwana akasema hakupiga simu. Cornel akaapa. Bwana akamwambia kwamba amelitoa lori la kampuni kwa shughuli zake na sasa anamsingizia meneja uongo. Askari polisi wakaitwa kutoka Geita, na Cornel akapitishwa mbele ya klabu ya makarani, pingu mikononi, wenzake wamesimama mlangoni. Hayo ndiyo yale yale aliyoyatamani Onesmo. Alikuwa amelala macho siku mbili kwa ajili ya mguu wa shemeji yake, na hata hivyo alisimama akatazama mpaka Cornel alipopotea kwenye kona. Kuna sehemu ya moyo wake iliyoshiba. Namsema kama alivyokuwa.

Kesho yake Bernadina, mke wa Cornel, alikuja kwa Generosa. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kumpa pole ya ndugu yake, akakaa chini sakafuni, akashindwa kujizuia.

"Mama Melania, mume wangu si mwongo," alisema. "Ana makosa mengine, mdomo wake unamponza, lakini hili sivyo. Aliisikia sauti ya Bwana. Hata kikohozi alikisikia."

Generosa alikuwa anapepeta mchele. "Bwana alimwambia nini?"

Bernadina alieleza: lori kubwa, stesheni ya Shinyanga, masanduku ya mashine, lisingoje cheti.

Ungo ulisimama mikononi mwa Generosa. Alimsindikiza mgeni wake hadi njiani, akarudi, akaketi kwenye kile kigoda, akamngoja mumewe.

"Ni wewe," alimwambia alipoingia, kwa Kisukuma.

Onesmo alikana kwanza. Kisha akaona uso wa mkewe, akaacha kukana. "Sikujua kama ni Maduhu angeendesha," alisema. "Naapa, Mama Melania. Sikujua."

"Kwa hiyo angekuwa ndugu wa mwanamke mwingine ingekuwa sawa?"

"Nilitaka Cornel afukuzwe tu."

"Ulijua mito imejaa?"

Onesmo alikitazama kile kigoda.

"Na mimi ulinikalisha hapa," akasema Generosa. "Nikawa nakujibu 'Yes, sir.' Nilikuwa nakusaidia kumkata mguu mdogo wangu, nami nikidhani nasomeshwa."

Onesmo alipiga magoti. Alimwomba amfikirie Melania, aifikirie nyumba, aufikirie mshahara ambao ndio utakaomtunza Maduhu katika ulemavu wake. Cornel atafungwa miezi michache, alisema, atatoka, atasahau. Generosa alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka akaenda kusonga ugali. Onesmo akauchukua ukimya ule kuwa ni kukubali.

Siku ya uchunguzi Bwana Preston alikaa na afisa wa polisi Mzungu katika ukumbi wa mgodi, na watu walijaa hadi madirishani. Mkalimani alikuwa Onesmo. Alitafsiri maneno ya utingo, akatafsiri ya mlinzi wa geti, na Cornel alipoulizwa swali la mwisho akajibu mwenyewe kwa Kiingereza, amekonda, kwamba hana la kuongeza. Ndipo Generosa akatoka kati ya wanawake, kitambaa amejifunga kichwani, akaomba kusema.

Afisa alimruhusu. Generosa akasema kwa Kisukuma, polepole, akimtazama mumewe tu: "Mwambie hivi. Aliyepiga simu si Bwana, wala Cornel hakusema uongo. Aliyepiga simu ni mume wangu. Tafsiri."

Wasukuma waliokuwamo ukumbini walisikia, na mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mtama. Afisa akamgeukia Onesmo, akimngoja. Onesmo akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba mwanamke huyu ni dada wa majeruhi, na kwamba anaomba kampuni imhurumie ndugu yake.

Generosa alimsikiliza. Alikijua Kiingereza kiasi cha kutosha kujua kwamba maneno yake yameibwa.

Akakohoa, kikavu, mara mbili. Bwana Preston akainua kichwa. Na yule mwanamke, kwa kupanda na kushuka kwa Bwana Preston mwenyewe, maneno madogo yakimezwa na uzito wote ukiangukia "Shinyanga," akasema ile sentensi ya lori, na ya pili ya masanduku na cheti. Cornel alisimama wima kabla hajajijua.

Generosa akageukia Kiswahili, ambacho wote wawili waliokaa mbele walikielewa. "Mimi sijawahi kufanya kazi ofisini," alisema. "Muulizeni mume wangu nani alinifundisha maneno haya, na alinifundisha kwa ajili gani."

Hapo hapakuhitajika mkalimani. Onesmo aliulizwa, akajibu, na jibu lake lilikuwa fupi.

Alifungwa miaka kadhaa. Cornel aliachiwa siku ile ile, akaihama Geita na familia yake. Nyumba ya makarani ikapewa mtu mwingine, na Generosa akarudi kwao Kolandoto na Melania, akamtunza Maduhu hadi alipoweza kutembea kwa magongo. Wanawake wenzake walimuuliza kama sasa roho yake imetulia, maana jinsi alivyomfichua mumewe ilijulikana kila mahali. "Haijatulia," alisema. "Lakini namtaka atoke. Namtaka atoke aje amwone Maduhu."

Akatoka, akaja. Hakuwa na kazi, na kazi ya ukalimani hakuna tena aliyethubutu kumpa, kwa kuwa watu walishajua kinywa chake kinaweza kufanya nini na maneno ya wenzao. Alifika uani kwa Maduhu asubuhi. Generosa alipomwona aliingia ndani akafunga mlango. Maduhu alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe akimenya karanga. Onesmo akachutama mbele yake, akasema yote aliyokuwa ameyapanga gerezani, kwa Kisukuma, kirefu, kwa kilio.

Maduhu alimwacha amalize.

"Unasema vizuri, shemeji," alisema. "Siku zote ulikuwa unasema vizuri. Mimi shamba langu liko kule bondeni, na jembe la ng'ombe linataka mtu mwenye miguu miwili. Mvua ikianza, njoo ulime."

"Utakuwa umenisamehe?"

"Nimesema uje ulime."

Mvua ilipoanza, Onesmo alikuja. Alilima mwaka ule na mwaka uliofuata, na mpaka ninapowasimulia haya bado anatembea kutoka Didia kila msimu, anafika alfajiri, anafunga ng'ombe. Maduhu anakaa ukingoni mwa shamba na magongo yake, anamtazama akienda na kurudi. Mchana Melania, aliyekwisha kuwa mwanamwali, humletea chakula, akakiweka chini, akaondoka. Generosa haji. Na lile neno analolingoja Onesmo, Maduhu hajalitamka.

FUNZO

Ninyi mnaokaa klabuni na kumchekesha kila mtu kwa kuigiza matamshi ya mwenzenu, mfikirieni Cornel. Alitaka kicheko cha jioni moja, akalipwa kwa pingu. Mtu kukisema Kiingereza kwa mwendo wa lugha ya mama yake si aibu, na anayemfanya aione aibu anaingiza moto katika nyumba asiyoijua.

Nanyi mliodhihakiwa, jifunzeni. Jifunzeni lugha yoyote ile, na mwendo wake, na kupanda na kushuka kwake, maana elimu haina kosa. Lakini jichunguzeni mnajifunza kwa ajili gani. Onesmo alijifunza kwa ajili ya chuki, na kwa sababu hiyo kila alichojifunza kiliondoa kitu nyumbani kwake: kwanza vicheko, kisha lugha ya mtoto, kisha mama mzazi, kisha mke. Aliomba kisasi akapewa kamili, mbele ya watu, kama alivyotaka. Aliyeombwa radhi na akashika mkono wa aliyekosa, basi na aushike kwa moyo wake wote, au auache. Kuushika kwa uongo ndiko kulikokata mguu wa Maduhu.